Mashati ya Mwalimu Mstaafu

Hivi wewe unayesoma, ukikuta mashati meupe yamejaa kamba nzima, yote meupe, yote ya mikono mirefu, utajuaje lipi ni la nani?

Hutajua. Jeupe ni jeupe. Ndiyo maana sisi tunaofua kwenye masinki ya manispaa kila mmoja ana uzi wake. Ukipokea nguo ya mtu, kabla haijagusa maji, unachukua sindano unapiga mshono mmoja mdogo ndani ya kola, pale nyuma ya shingo ambapo mwenyewe haoni. Mama Pacha uzi wake ni mwekundu. Kamanda, mkubwa wetu wa zamu, ni mweusi. Wangu ni wa rangi ya chungwa, na sijaubadilisha tangu nilipofiwa na mume wangu nikaingia kwenye kazi hii.

Mwenye gazeti anasema niache habari za nyuzi nifike kwenye kisa. Tulia, mwanangu. Kisa chenyewe ni huo uzi.

Kwa ambaye hakusoma wiki iliyopita: mume wa binti yangu wa mwisho ni mheshimiwa. Sisi wafuaji tunamwita Mikono Miwili, kwa sababu kila akishika kipaza sauti lazima aseme, "Mungu kakupa mikono miwili, serikali ya nini?" Huyo ndiye aliyetangaza kwamba masinki yetu yanafungwa, na kiwanja anapewa mtu wa mashine za kufulia. Wenzangu wakanituma nikaseme naye, maana mimi ni mkwewe. Akanipokea barazani. Akanisikiliza nimesimama, kiti kipo. Akasema, "Mama, kwa heshima zote, undugu hauingii kwenye sera." Nikarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni ya wiki hii.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafikicha shuka za nyumba ya wageni. Mama Pacha, sinki la kulia kwangu, akaanza uchokozi wake.

"Bibi, mchumba wako vipi? Jumatatu anatuma mashati?"

"Mchumba wa nani, we mtoto? Nina wajukuu mimi."

"Si Mwalimu Mstaafu! Ulivyokuwa unayakung'uta yale mashati juzi, mimi nikasema hapa posa iko njiani."

Safu nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa nini nifiche? Huyo Mwalimu Mstaafu nilikuwa sijamtia machoni. Binti yangu, huyo huyo mke wa mheshimiwa, ndiye aliyekuwa akiniletea mashati yake kila Jumatatu akipitia sokoni. Aliniambia ni jirani yao, amefiwa na mke, hana wa kumfulia, na ana haya hataki ajulikane.

Na mashati yalikuwa mashati. Kitambaa kizito, vifungo vyote vipo. Mfuaji anamjua mtu kwa kola. Wapo wanaovaa koti zuri, ukiloweka kola inatoka tope. Ya huyu mwalimu ilikuwa na jasho la kawaida la mtu aliyeoga akaenda zake matembezini. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa haki. Nikawa namtilia buluu kidogo ya kung'arisha, na wanga laini, si ule unaokwaruza shingo.

"Angalia maji yako yanamwagika," nikamwambia Mama Pacha.

Ndipo magari yakaingia.

Mikono Miwili akashuka na koti lake. Sijawahi kumwona bila koti, hata kwenye jua la mchana. Nyuma yake dereva amebeba beseni jipya la plastiki na mfuko, na nyuma ya dereva mwandishi wa habari, mwanamke, na mpiga picha wake.

"Mama zangu, habari za kazi?"

Hakuna aliyeitika. Kamanda akakohoa, basi.

"Najua mmenikasirikia," akasema. "Lakini mtu anayekuheshimu anakuambia ukweli. Serikali ina kazi zake. Ilinde watu, iweke mahakama, itengeneze barabara. Kufua nguo si kazi ya serikali. Leo mmepewa sinki, kesho mtataka sabuni, keshokutwa mtataka mtu wa kuwakamulia. Mtu akizoea kupewa, mikono yake inakufa ganzi. Mimi nimelelewa na mama aliyeuza mkaa. Hakuna ofisi iliyompa hata kibiriti. Nataka muwe kama yeye!"

Nitasema kweli. Maneno yenyewe si mabaya. Watoto wangu wote nimewafundisha hivyo hivyo, na sijawahi kulala nikisubiri wa kunipa. Kilichoniuma ni mtu mwenye kucha safi kusimama mbele ya wanawake ambao vidole vimekunjamana kwa maji, akawafundisha kazi.

Mama Pacha hakuvumilia.

"Sisi umetukuta tumelala hapa, mheshimiwa?"

"Sijasema hivyo, dada yangu."

"Mikono imekufa ganzi! Hebu njoo uushike mkono huu uone kama umekufa!"

Akauinua, umejaa povu mpaka kwenye kiwiko. Dereva akarudi nyuma.

Kamanda akanigusa bega. "Bibi, nenda. Wewe ndiye msemaji."

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikatoka mbele.

"Mkwe wangu."

"Mama." Akainamisha kichwa. Mbele ya kamera ana adabu kupita kiasi.

"Sisi hatujaomba kufuliwa. Tumeomba pa kufulia. Unaiona tofauti?"

"Naiona, mama. Lakini bomba ni la serikali."

"Sawa. Basi serikali na iondoke. Tuachie masinki tuyasimamie wenyewe. Maji tutalipia sisi, bomba likipasuka tutatengeneza sisi. Zamu ya Kamanda inakwenda vizuri kuliko ofisi yako. Serikali ikae kando kabisa. Huko si ndiko kujitegemea?"

Mwandishi akasogeza kinasa sauti chake.

"Wazo zuri," akasema Mikono Miwili. "Ila mwekezaji amekwisha pewa ahadi."

"Na nani?"

"Na manispaa."

"Ahaa. Kwa hiyo kwetu sisi serikali ni ndogo, kwa mwenye mashine ni kubwa."

Safu nzima ikapiga mabeseni. Kengele za shule zisingefua dafu. Kamanda, ambaye mimi sijaona meno yake tangu mvua za mwaka juzi, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa nawaandikia kwa raha zangu.

Lakini mkwe wangu si mtu wa kuondoka ameshindwa. Akavua koti, akampa dereva, akakunja mikono ya shati.

"Mnadhani nasema nisiyoyatenda," akasema. "Kwangu hakuna dobi. Hakuna mfanyakazi wa ndani. Mimi na mke wangu tunafua wenyewe, kwa beseni, kama hili. Dereva, lete mfuko!"

Akatoa shati jeupe. Safi, limenyooshwa, bado lina wanga. Akalimwagia sabuni ya unga likiwa kavu.

"Liloweshe kwanza, baba!" Mama Pacha akapiga kelele. "Hilo ni shati, si keki!"

Watu hoi. Naye akacheka, akajifanya mmoja wetu, akalikung'uta ile sabuni itoke. Halafu akalinyanyua kwa kola ili mpiga picha apate picha nzuri, ndani nje, mgongo ukielekea kwetu.

Nikauona kabla ya wengine. Mshono mmoja mdogo, nyuma ya shingo. Rangi ya chungwa.

Mshono wa mkono wako unaujua kama unavyojua sauti yako. Nikabaki nimeshika aproni.

Mama Pacha naye akauona. Akautazama uzi, akanitazama mimi. Uso wake ukabadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Bibi," akasema polepole. "Kumbe mchumba wako ni mkweo?"

Hakuna aliyecheka.

Kamanda akaenda akalichukua lile shati mikononi mwa mheshimiwa bila kumwomba, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaigeuza kola.

"Uzi huu wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Lakini shati ni la Mwalimu Mstaafu."

"Mwalimu Mstaafu ndiye huyu?"

"Sijui."

"Hujui unayemfulia? Wewe?"

"Uzi gani?" Mikono Miwili akauliza. Na wallahi, hakujua. Nilimwangalia usoni, alikuwa mtu aliyepotea. "Nipeni shati langu."

Mwandishi akasogea. "Mheshimiwa, nani anafua mashati yako?"

"Nimeshasema. Mke wangu."

Sekunde chache nyuma ilikuwa yeye na mke wake. Yeye alikwisha shuka njiani.

"Na huu uzi wa mama mkwe wako umefikaje kwenye kola? Linafuliwa hapa? Kwa maji haya haya ya manispaa?"

Akachukua koti lake akaingia garini. Beseni akalisahau.

Utadhani tulishangilia. Tungeshangilia, kama si mimi. Gari halijatoka getini maneno yakanigeukia.

"Mchana unamsema, Jumatatu unampigia pasi!"

"Ndiyo maana alitoka kwa mkwewe hana kitu! Walikuwa wanapatana bei ya wanga!"

"Na ile hotuba yote? Maigizo! Wamepanga!"

Mama Pacha alinipa mgongo akaendelea kusuuza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kamanda akachukua ndoo yangu, brashi yangu na kipande changu cha sabuni, akavipanga nje ya geti, taratibu, bila kurusha kitu.

"Bibi, mimi na wewe tumetoka mbali," akasema. "Aliyekuwa anakupa haya mashati mlete aseme mbele yetu kwamba hukujua. Usipomleta, sinki lako nitampa mwingine."

Nikajitwika ndoo nikaondoka.

Nilipofika kwangu nikamkuta binti yangu amekaa mlangoni, mfuko wa mashati umelala mapajani. Picha zilizopigwa na watu pale masinkini zilikuwa zimemfikia kwenye simu. Siku hizi habari zinakuwahi kwako kabla hujatia ufunguo.

"Mama."

"Usiniite mama. Nionyeshe Mwalimu Mstaafu."

"Hayupo."

"Amekufa?"

"Hakuwahi kuwepo, mama."

Tukaingia ndani, nikakaa kitandani. Mjue chumba changu ni kimoja, kitanda, jiko na pasi ya mkaa juu ya tofali, kwa hiyo ukikasirika huna pa kwenda kukasirikia.

"Na mimi niliyekuwa namtilia wanga laini asichubuke!" nikasema. "Umenifanya nimfulie mtu anayenifukuza kazini. Nimeitwa mnafiki mbele ya watu. Kwa nini?"

"Maji kwetu yanakatika."

"Muongo. Nilisimama kwenye baraza lenu nikaona majani yananyweshwa kwa mpira."

"Mikono ilikuwa inaniuma."

"Lete niione." Akaleta. Mizima, laini kama ya mtoto.

"Basi ni uvivu, mama. Andika uvivu."

"Wewe mvivu? Nani aliyekuzaa, si mimi?"

Akanyamaza. Ana kunyamaza kwa baba yake, kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Nikamwangalia, na kwa hasira zangu zote nikaanza kukumbuka Jumatatu zetu. Akija anageuza ndoo anaikalia kando ya sinki langu. Anavua viatu, anatia miguu kwenye mfereji maji ya kusuuzia yampitie. Namwambia, "Nenda mwanangu, utayafuata kesho." Anasema, "Nitasubiri yakauke." Kuna siku ilinyesha manyunyu asubuhi nzima, mashati yakagoma kabisa. Wenzangu wote wamenuna. Yeye anacheka peke yake kama aliyepewa zawadi. Nikasema huyu mtoto anamhurumia mwalimu wa watu kweli kweli.

Nilikuwa naelekea kuuliza jambo. Hodi ikabishwa.

Mikono Miwili. Bila koti, kwa mara ya pili siku moja. Mlango wangu ni mfupi, akabaki ameinama nusu ndani nusu nje. Mkewe hakumtazama.

"Mama, asubuhi nimekosa adabu. Tuyamalize."

"Yamalize hapo hapo mlangoni. Mimi kwako nilisimama barazani."

Akameza hilo.

"Yule mwandishi yuko garini," akasema. "Habari hajaitoa. Anataka kusikia kwa mke wangu mwenyewe. Maneno machache tu: mashati nafua mimi, nyumbani, na uzi nashona mimi, ni mazoea niliyotoka nayo kwa mama. Basi."

"Na masinki?"

"Yenu. Mjisimamie kama ulivyosema. Mwekezaji nitamtafutia pengine. Natangaza leo leo, jua halijazama." Akanyoosha mgongo kidogo, kichwa kikagonga fremu. "Nitawaambia watu, huo ndio mfano wa kujitegemea."

Ona alivyo. Hata akiomba, anahutubia.

Lakini msinicheke, nilipima. Uongo wenyewe ni mdogo, unaingia mfukoni. Ukisemwa, Kamanda anabaki na zamu yake, Mama Pacha anabaki na sinki lake na pacha wake wanakula. Mimi mwenyewe nasafika, maana kama uzi alishona binti yangu, mimi sijamfulia mtu. Ni neno moja tu kutoka kwa mtoto niliyemfundisha mwenyewe kwamba uongo ni uchafu usiotoka kwa sabuni.

"Mwanangu," nikasema, "unasemaje?"

"Atasemaje tena?" akadakia mumewe. "Ni maneno machache." Kisha akamgeukia, sauti ikashuka, ikawa ile ya nyumbani. "Nilikwambia tangu tulipooana. Mtu mzima anasimama mwenyewe. Kwenda kwa mama kila mara ni kutegemea, ni kama hawa na bomba lao. Ungenisikiliza, haya yote yasingetokea. Mashati ungeyafulia nyumbani."

Nikageuka nikamtazama binti yangu. Hilo la kukatazwa kuja kwangu nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Mwandishi alichoka kusubiri. Akaingia uani, kinasa sauti mkononi, akachungulia chini ya kwapa la mheshimiwa.

"Samahani, mama. Dada, ni swali moja tu. Mashati ya mumeo anafua nani?"

Mikono Miwili akamtazama mkewe. Mimi nikamtazama. Nje, upande wa masinki, nilikuwa nasikia mtu anakung'uta shuka, pa, pa, pa.

Binti yangu akasimama. Akamkabidhi mumewe ule mfuko wa mashati, akahakikisha ameushika vizuri ndipo akauachia.

"Anafua mama," akasema. "Masinkini. Na hakujua ni ya nani. Nilimdanganya mimi, na Kamanda nitamwambia hivyo hivyo."

"Unajua ulichokifanya?" mumewe akasema. "Umewafungia watu masinki!"

Binti yangu akanigeukia mimi.

"Alinikataza kuja, mama. Nikakosa sababu ya kuja. Nilipoyaona yale mashati kwenye kapu nikaona sababu." Akasogea kitandani nilipokaa. "Sikuwa naleta mashati. Nilikuwa najileta mimi. Nilitaka nikae pale kwenye ndoo, nitie miguu kwenye maji yako, nikutazame unafua. Kila Jumatatu nilikuwa naomba yasikauke."